Arosto ikiisha ndipo kazi inaanza: mwongozo kamili wa kutafuta ushauri nasaha wa uraibu wa pombe na dawa za kulevya

Wengi wanaotafuta msaada wa kuacha unga (heroini) au pombe huwa wanatafuta kitanda. Wanataka mahali pa kumlaza mtu wiki mbili, arosto (mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichozoea) imwishe, arudi nyumbani mzima. Kitanda kina kazi yake, na kwa wengine ni suala la kufa na kupona. Lakini arosto ya heroini kwa kawaida huisha ndani ya siku 5 hadi 10, na karibu kila teja aliyekaa kijiweni miaka kadhaa ameshaimaliza zaidi ya mara moja: mahabusu, kijijini kwa bibi, mwezi wa Ramadhani. Kilichomrudisha kilikuja baadaye, mwili ukiwa umeshatulia, hela ikiwa mfukoni na jioni ikiwa haina la kufanya. Hapo ndipo anapohitajika mshauri nasaha, na hapo ndipo familia nyingi huwa zimeshafunga daftari zikidhani mgonjwa kapona.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetumia mwenyewe, na pia wa mama, mke, dada au kaka anayemhangaikia. Nimeandika nikiifikiria Tanzania, na Kenya pale inapohusika.

Kwanza mwili: je, ni salama kuacha?

Hili nalitanguliza kwa sababu linaua. Mtu anayekunywa kila siku, hasa yule asiyeweza kuanza asubuhi bila kuzimua ili mikono iache kutetemeka, asiache pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani. Kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho huanza jasho, kutetemeka, kichefuchefu na kukosa usingizi. Degedege linaweza kumwangusha ndani ya siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne baadhi huchanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanajibizana na watu wasiokuwepo, joto linapanda, moyo unakwenda mbio. Wasipotibiwa, wapo wanaokufa.

Angalia inavyotokea kwetu. Mzee ameamua kuacha kwa sababu Kwaresma imeanza, au mwezi wa Ramadhani umeandama. Nia njema kabisa. Siku ya pili anaanguka na kutoa povu mdomoni. Siku ya tatu anamwita marehemu kaka yake. Nyumba nzima inasema ni jini, anaitwa mtu wa kusoma au anabebwa kwenye maombi, na saa zinakwenda. Mtu huyu anatakiwa hospitali, usiku huohuo. Tiba yake inajulikana: dawa za kundi la diazepamu zinazopunguzwa taratibu, maji, na vitamini B1. Dua isomwe, lakini isomwe akiwa wodini.

Tahadhari hiyohiyo inamhusu anayemeza vidonge vya usingizi kama Valium kila siku. Navyo havikatwi ghafla.

Arosto ya unga inatesa kuliko kuua. Mafua, miayo, mifupa kuuma, kutapika na kuharisha huanza ndani ya siku moja, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Hatari kubwa ni kuishiwa maji, kwa hiyo ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ni muhimu. Mjamzito ana kanuni yake: asikate unga ghafla, aende kliniki, kwa sababu methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya unga, hutumika hata kwa wajawazito na ni salama zaidi kwake na kwa mtoto kuliko arosto ya ghafla.

Bangi, mirungi na kokeini havina degedege la namna ya pombe, ila huacha hasira, usingizi mbovu na huzuni nzito. Huzuni ikifika kwenye mawazo ya kujiua, usisubiri siku ya miadi. Nenda hospitali.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kumwona ni daktari au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya wilaya au mkoa. Hata dakika 20 za kupimwa na kuulizwa maswali zinatosha kujua kama utaacha ukiwa nyumbani, ukiwa wodini, au kwa msaada wa dawa.

Jipime bila kujidanganya

Kuna maswali manne ambayo madaktari wa nchi nyingi huyatumia kwa pombe. Umewahi kuona unapaswa kupunguza? Umewahi kuudhiwa na watu wanaosema juu ya unywaji wako? Umewahi kujisikia una hatia kwa sababu ya kunywa? Umewahi kunywa kitu cha kwanza asubuhi ili utulie? Ukijibu ndiyo mara mbili au zaidi, kapimwe. Shirika la Afya Duniani nalo lina kipimo cha maswali 10 kiitwacho AUDIT, chenye alama kuanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji umeshaanza kuwa wa hatari, na kuanzia 20 mtu huhitaji kuchunguzwa kama amekuwa tegemezi wa pombe. Mwombe mhudumu akufanyie.

Kisha chukua karatasi uandike mambo ambayo utaulizwa kila mahali utakapokwenda: unatumia nini, kwa njia gani (kuvuta, kujidunga, kunywa), kiasi gani kwa siku, tangu lini, na mara ya mwisho ni lini. Andika kete (vipakiti vya unga) ngapi, chupa ngapi, gongo kiasi gani, na vidonge pia. Andika dawa nyingine unazotumia, za presha, za kifafa, ARV au za kifua kikuu, kwa sababu nyingine hugongana na methadoni. Usipunguze hesabu kwa aibu. Daktari anayeambiwa kete mbili wakati ni sita atapanga tiba ya mtu mwingine.

Milango iliyopo, na upi ni wako

Kama unatumia heroini, mlango wa kwanza kuufikiria ni kliniki ya methadoni ya serikali. Tanzania ilianza huduma hii Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na sasa ipo hata Zanzibar pale Kidongo Chekundu, na mikoani kama Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Huduma ni ya bure. Kenya walianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na maeneo mengine ya Pwani. Mara nyingi mtu huingia kupitia asasi zinazowafikia watumiaji vijiweni: mwelimishaji rika anakuandikisha, unapitia vikao vya maandalizi, unapimwa mkojo na magonjwa mengine kama VVU, kifua kikuu na homa ya ini, halafu unaanza dozi ndogo inayopandishwa taratibu.

Dozi yenyewe ni ya kunywa, mbele ya muuguzi, kila siku. Unapanga foleni, unataja namba yako dirishani, unakunywa kikombe, unaongea neno moja ili aone umemeza, unaondoka. Watu wengi hukomea hapo. Lakini palepale kliniki kuna mshauri nasaha na afisa ustawi wa jamii, na nionavyo mimi, anayekunywa kikombe bila kukaa na mshauri ameacha nusu ya tiba dirishani. Methadoni inaondoa arosto na kutuliza hamu. Haikufundishi la kufanya saa kumi jioni.

Kuna wanaosema methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Silikubali. Mtu anayeamka bila arosto, haibi, hajidungi sindano ya mwenzake na anaweza kukaa kazini hafanani na aliyekuwa anasaka kete tangu alfajiri. Kinachotakiwa kuogopwa ni kuichanganya na pombe au Valium, maana mchanganyiko huo husimamisha pumzi.

Kama tatizo ni pombe, methadoni haikuhusu. Wewe unaanzia hospitali kwa sababu nilizozieleza juu, halafu unaendelea na mshauri wa kitengo cha afya ya akili, na ukipenda na kundi la AA, la watu wenye tatizo la pombe wanaosaidiana wenyewe. Vikundi hivi vilianzia Marekani mwaka 1935, na vile vya NA vya waliotumia dawa za kulevya mwaka 1953. Kukaa humo hakulipiwi na jina la ukoo haliulizwi. Si mahali pa mshauri, ila ni pazuri pa kwenda siku ambazo huna kikao.

Kwa bangi, mirungi na kokeini hakuna dawa mbadala kama methadoni. Ushauri nasaha ndiyo tiba yenyewe, kwa hiyo usikubali kuambiwa "nenda tu nyumbani, ukiamua utaacha."

Halafu kuna nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi tunaziita soba. Zinamfaa mtu ambaye nyumbani kwake ni kijiwe kitupu, au aliyejaribu kutibiwa akitokea nyumbani ikashindikana. Nyingi ni za wanaume. Mwanamke, hasa mwenye mtoto mdogo, aulize mapema kama anapokelewa na analala wapi. Ubora wa nyumba hizi unatofautiana mno, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo familia zinapopoteza hela na wakati mwingine watu wao.

Maswali ya kuuliza soba kabla ya kulipa

Piga simu, halafu nenda mwenyewe ukaone. Omba kuona usajili. Uliza nani mshauri nasaha, kasomea wapi, na mkaazi anakaa naye ana kwa ana mara ngapi kwa wiki. Jibu likiwa "tunakaa nao wote kila asubuhi", hicho ni kikao cha pamoja, kina faida yake, lakini bado hujajibiwa. Uliza arosto inasimamiwa na nani, na mtu akipata degedege usiku wa manane anapelekwa hospitali gani kwa usafiri gani. Uliza mwenye ARV anazipataje. Uliza ndugu wanaruhusiwa kuja lini. Uliza siku atakayotoka atakabidhiwa kwa nani.

Na uliza hili waziwazi: mnapiga? mnafunga minyororo? mtu mzima akitaka kuondoka inakuwaje? Msimamizi akicheka au akisema "mateja bila fimbo hawaelewi", aga uondoke. Kipigo hakijawahi kuwa tiba ya uraibu, na mtu aliyekamatwa usiku na kaka zake akatupwa ndani ya gari huingia kwenye kikao akiwa na jambo moja tu kichwani, namna ya kulipa kisasi.

Anayekuahidi kuponya kwa siku 7 anauza. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, NIDA, katika kanuni zake za tiba inasema matibabu ya kulala au ya kwenda na kurudi yakiwa chini ya siku 90 huleta matokeo hafifu, na kwa methadoni inashauri angalau miezi 12. Panga bajeti yako kwa hesabu hizo. Kama hela inatosha mwezi mmoja tu wa soba, afadhali umlaze wiki chache na ubakize za nauli ya vikao vya miezi inayofuata.

Simu ya kwanza

Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Kenya, NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana 1192, bure pia, usiku na mchana. Watu huogopa kwamba kumpigia simu mtu wa mamlaka ni kujipeleka polisi. Huhitaji kueleza unanunua wapi wala kwa nani. Sema tu: "Natumia unga, nataka kuacha, nipo Mbagala, niende wapi?" Au: "Mume wangu anakunywa kila siku, akikosa anatetemeka, nimpeleke wapi leo?" Kuwa na kalamu mkononi, andika jina la kituo, siku, saa na mtu wa kumwona.

Ukiambiwa uje wiki ijayo, uliza kama kuna anayeweza kukuona kabla ya hapo hata kwa dakika 10. Nia ya kuacha hupoa haraka, na wahudumu wazuri wanalijua hilo.

Utamjuaje mshauri wa kweli

Awe amesomea ushauri nasaha, saikolojia, uuguzi wa afya ya akili au ustawi wa jamii, na awe amepata mafunzo ya uraibu. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo kule unaweza kuuliza usajili bila kuona haya. Wapo washauri ambao waliwahi kuwa watumiaji wenyewe. Hao wana kitu ambacho chuo hakifundishi: hawadanganyiki kirahisi, na mgonjwa huwasikiliza. Lakini kupona kwako hakukufanyi ujue kumponya mwingine. Wapo wanaoamini kila mtu lazima apitie njia waliyopita wao, na hao huwakosa wengi.

Shehe au mchungaji? Mweke karibu, hasa kama ni mtu anayesikiliza. Ila asifanywe mbadala wa mshauri. Kazi zao ni mbili.

Alama nzuri ninazoziamini ni hizi. Anakuuliza zaidi kuliko anavyosema. Anakueleza mwanzoni kabisa kuhusu siri: utakayosema yanabaki pale, isipokuwa kuna hatari ya wewe kujiua, kumdhuru mtu, au mtoto kuumizwa. Anaandika. Anajua mipaka yake, akiona sonona au dalili za kifua kikuu anakuandikia rufaa. Na hakutishi.

Kikao cha kwanza kinavyokwenda

Usijikaushe kwanza ili uonekane msafi. Kama wewe ni wa pombe ya kila siku, nimeshasema kwa nini. Nenda ulivyo, ila usiende umelewa kiasi cha kutoelewa. Mwambie mshauri ukweli kama umetumia asubuhi.

Tuseme ni fundi wa gereji, miaka hamsini na ushei, mbele ya mshauri ambaye ni binti wa umri wa mwanaye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Mimi mshauri, baba. Daktari si umeshamwona? Karibu ukae. Umekuja mwenyewe au umeletwa?"

"Mke wangu kasema nisipokuja anaondoka na watoto."

"Na asingesema?"

Anakaa kimya kidogo. "Labda ningekuja. Mikono hii siku hizi haishiki spana."

"Imeanza lini kutoshika?"

Binti huyo anajua kazi. Mke ndiye aliyemfikisha mlangoni, lakini spana ni sababu ya mzee mwenyewe, na ndiyo itakayomrudisha wiki ijayo. Angeanza na "mtu mzima kama wewe huoni aibu?", mzee angeitikia kwa heshima, angeaga, na asingeonekana tena. Mtindo huu wa mazungumzo, wa kumwacha mtu ataje mwenyewe sababu zake za kubadilika, ulielezwa na mwanasaikolojia wa Marekani William Miller mwaka 1983, kutokana na kazi yake na watu wenye tatizo la pombe. Leo unafundishwa dunia nzima.

Kikao cha kwanza kinaweza kukuacha ukijiuliza mbona hujapewa dawa wala maelekezo. Ni kawaida. Utoke na mambo matatu tu: tarehe ya kikao cha pili, jambo moja dogo la kufanya kabla ya siku hiyo, na namba ya kupiga mambo yakiharibika. Ukitoka bila tarehe, rudi mlangoni uidai. Hapo katikati ya kikao cha kwanza na cha pili ndipo wengi wanapopotea.

Vikao vinavyofuata: kazi ya mikono

Hapa ndipo tiba ilipo, na ni kazi ya vitu vidogovidogo. Mshauri atakuomba uirudie siku ambayo ulitumia, saa kwa saa. Ulikuwa wapi, na nani, mfukoni una shilingi ngapi, uliwaza nini dakika tano kabla. Mara ya kwanza utasema "ilitokea tu". Mara ya tatu utaanza kuiona njia.

Mwanasaikolojia Alan Marlatt, aliyewachunguza watu waliorudia pombe na dawa, aliona makundi matatu yanayojirudia: hisia mbaya kama hasira na upweke, ugomvi na mtu, na shinikizo la wenzako. Yaweke hayo kwenye maisha ya dereva wa bodaboda. Analipwa kila siku, taslimu. Saa mbili usiku ana hela, ana uchovu, hajala tangu mchana, na njia ya kwenda nyumbani inapita maskani. Mpango wake na mshauri unaweza kuwa hivi: saa kumi na mbili jioni anatuma hesabu ya tajiri na hela ya nyumbani kwa simu, anabaki na ya mafuta na chakula, anakula kabla hajaondoka kwenye kijiwe cha boda, anapita barabara ya juu hata kama ni ndefu, namba ya muuzaji inafutwa, na ikibidi anabadilisha laini. Hakuna kikubwa hapo. Lakini vitu vinne hivyo vimeondoa hela, njaa, njia na simu kwa mpigo.

Utajifunza pia kuisubiri hamu. Hamu hupanda, hufika juu, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata usipoitii. Wengi hawajui kwamba hushuka kwa sababu hawajawahi kuisubiri. Mtachagua na mshauri cha kufanya katika nusu saa hiyo: kutembea, kuoga, kumpigia mtu mmoja mliyemkubaliana, kwenda msikitini au kanisani kukaa tu.

Mtafanya mazoezi ya kukataa, kwa sauti. Yanaonekana ya kitoto hadi siku ya harusi ambapo mjomba anakuwekea bia mezani na kusema "moja tu, kwa heshima yangu." Sentensi iwe fupi na isiwe na maelezo: "Asante mjomba, mimi soda." Ukianza kueleza umeshaanza kujadiliana.

Baadaye, mara nyingi baada ya mwezi au zaidi, yatafunguka mazito: kifo, kubakwa, vita vya ndoa, baba aliyekuwa mlevi, deni. Usijilazimishe kuyatoa siku ya kwanza, na mshauri mzuri hatakulazimisha. Ila usiyafiche milele, kwa sababu unga unaondoa maumivu kwelikweli, na ukiachwa maumivu yanarudi yakitafuta dawa nyingine. Kama kuna sonona, daktari anaweza kuongeza dawa. Kuzinywa si kushindwa.

Kuhusu kazi: methadoni ya kila siku inagongana na ajira. Zungumza na mshauri mapema juu ya saa za kunywa, na ukishatulia uliza kama kituo chako kinaruhusu dozi za kubeba nyumbani.

Familia nayo ina vikao vyake

Mama mmoja kati ya wengi: kila asubuhi anampa mwanaye shilingi elfu tatu "asije akaiba". Sufuria zilishauzwa, pasi imeshauzwa, kwa hiyo kwake elfu tatu ni nafuu. Simlaumu. Lakini mshauri atamwonyesha kwamba ile pesa ndiyo kete ya asubuhi, na watapanga pamoja kitakachochukua nafasi yake: chakula kipo, nauli ya kliniki inalipwa moja kwa moja kwa konda au kwa mtu anayemsindikiza, fedha mkononi hakuna. Baba, shangazi na kaka lazima wakubaliane, maana mmoja akitoa kwa siri mpango wote umekwisha.

Ombeni kikao cha familia mapema, msisubiri ugomvi. Mgonjwa ataje mwenyewe kinachomuudhi nyumbani. Mara nyingi ni kuitwa teja mbele ya watoto, na kukaguliwa mifuko mbele ya wageni. Hayo yanaweza kukoma leo bila gharama. Na wewe unayemuuguza tafuta mtu wa kukusikiliza, kwani wake na mama wengi huanguka kwa presha huku macho ya wote yako kwa mgonjwa.

Akirudia

NIDA wanakadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia wakati fulani, kiwango kinachokaribiana na wagonjwa wa presha na pumu wanaoacha masharti ya tiba. Mgonjwa wa presha ikimpanda hatumfukuzi nyumbani. Tunamrudisha kliniki. Fanya vivyo hivyo: rudi kwa mshauri ndani ya siku hiyo au kesho yake, hata unanuka. Kikao cha baada ya kurudia huwa na faida kubwa, kwa sababu njia bado mbichi na inaweza kuchorwa yote.

Kwa watu wa unga kuna hatari moja ambayo lazima kila mmoja nyumbani aijue. Mtu aliyekaa safi wiki kadhaa, soba, gerezani au katika mfungo, mwili wake umeshasahau dozi. Akivuta au kujidunga kiasi kilekile cha zamani anaweza kufa. Siku ya kutoka soba na siku ya Idi ni siku za kumlinda.

Dalili za kuzidiwa: haamki hata ukimwita na kumsugua kifuani kwa ngumi, anapumua polepole au anakoroma kwa namna ya ajabu, midomo na kucha zinageuka rangi, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. Mpeleke hospitali upesi. Njiani, kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni. Kama anapumua, mlaze ubavu. Dawa inayorudisha pumzi inaitwa naloksoni, itaje kwa wahudumu na sema wazi kwamba ni unga, wasipoteze muda kubahatisha. Maziwa, maji ya chumvi na kummwagia ndoo ya maji havifanyi kitu, na cha kunywa kinaweza kumpalia.

Kubadilisha mshauri, na kupunguza vikao

Mpe mshauri vikao vitatu au vinne. Ukiona anakuhubiria tu, anapokea simu katikati ya maongezi, au umesikia maneno yako mtaani, omba mwingine, na hilo la mwisho liripoti kwa mkuu wa kituo. Kubadilisha si utovu wa adabu. Ila jiulize kwanza kama unamkimbia kwa sababu amegusa panapouma.

Mambo yakitulia, vikao hupunguzwa kwa makubaliano: kila wiki, kisha kila wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Usiache ghafla kwa sababu umeona uko vizuri. Na hata mkishamaliza, tunza namba ya kituo. Kabla ya harusi kubwa ya ukoo, baada ya msiba, ukipata kiinua mgongo au ukihamia mji mwingine, omba kikao kimoja, hata kama umeshapitisha mwaka bila kwenda.